Pointi au Moduli: Nini Hasa Huzima Gari la Zamani

Mwenye MGB ya miaka ya 1960, Volkswagen Beetle au Land Rover ya petroli hakosi kushauriwa atoe pointi kwenye distribyuta na kuweka moduli ya kielektroniki. Wala hakosi wa kumwambia kinyume: abaki na pointi zake, kwa kuwa moduli ikifa imekufa, ilhali pointi zilizochoka bado zinaweza kumfikisha nyumbani. Pande zote mbili zina ushahidi wa kweli, ila kila upande unapima jambo lake. Wa kwanza unahesabu ni mara ngapi kifaa kinahitaji kuguswa. Wa pili unaangalia kifaa kikiharibika kinamwacha dereva katika hali gani. Mabishano hayaishi kwa sababu mambo hayo mawili hujibiwa kana kwamba ni moja.

Mfumo wa pointi wenyewe ulitokana na kazi ya Charles Kettering wa Delco, ambaye vifaa vyake vya umeme viliingia kwenye magari ya Cadillac mwanzoni mwa miaka ya 1910. Kwa miaka 60 hivi haukubadilika sana. Pointi ni swichi ya vipande viwili vya chuma. Vikigusana, umeme wa betri wa ampea kama nne hupita kwenye msokoto wa kwanza wa koili na kujenga uga wa sumaku. Kemu iliyo kwenye mhimili wa distribyuta ikizunguka, inasukuma kisigino kidogo cha plastiki ngumu na kuzitenganisha pointi. Umeme unakatika na uga unaanguka, kama maji yanavyogonga bomba likifungwa ghafla. Kwenye msokoto wa kwanza huibuka volti mia kadhaa. Kwenye msokoto wa pili, wenye mizunguko ya waya takriban mara 100 zaidi, huibuka volti 20,000 au zaidi. Hizo ndizo zinazoruka kwenye plagi na kuwasha mchanganyiko wa petroli na hewa.

Kando ya pointi hukaa kondensa yenye uwezo wa maikrofaradi 0.2 hivi. Kazi yake ni kupokea umeme katika muda ule mfupi sana ambapo pointi zinaanza kuachana. Isipokuwepo, umeme utaendelea kuruka kati ya nyuso mbili zinazoachana, uga utaanguka polepole, na cheche ya plagi itakuwa dhaifu au isiwepo kabisa. Ndiyo maana kondensa mbovu huonekana kwa dalili mbili zinazokwenda pamoja: injini inamisi, na pointi zinatoa mwanga wa buluu mkali kifuniko kikifunuliwa.

Injini ya silinda nne ikizunguka mara 3,000 kwa dakika inahitaji cheche 100 kila sekunde. Kwa saa moja ya safari ya kawaida, pointi zimefunguka na kufunga mara 360,000. Kila mara kuna cheche ndogo juu ya chuma na msuguano mdogo chini ya kisigino. Ni swichi chache ndani ya gari lile zilizopewa kazi inayokaribia hiyo, na ajabu si kwamba pointi huchoka, bali ni kwamba hudumu kilomita 10,000 na kuendelea kabla ya kubadilishwa.

Zinapochoka, hazichoki kwa njia moja. Nyuso za chuma huliwa, na hilo hupanua nafasi kati yake. Kisigino nacho huliwa, na hilo huipunguza. Kwa kawaida kisigino hushinda, hasa pale ambapo kemu haikupakwa grisi, na nafasi huzidi kuwa ndogo. Hapo ndipo penye madhara halisi, nayo huja bila kelele. Muda ambao pointi zinakaa zimefungwa hupimwa kwa nyuzi za mzunguko wa distribyuta, na mafundi huuita dweli. Kwenye distribyuta ya Lucas 25D4, iliyofungwa kwenye magari mengi ya Uingereza, dweli inatakiwa iwe karibu na nyuzi 60. Nafasi ikipungua, dweli inaongezeka. Kwa kuwa mbinuko wa kemu una pande mbili zinazolingana, nusu ya ongezeko huangukia upande wa kufunga na nusu upande wa kufungua; na kwa kuwa distribyuta huzunguka nusu ya kasi ya injini, ile nusu hurudi kuwa nzima ikipimwa kwenye krenki. Matokeo ni kwamba kila nyuzi moja ya dweli iliyoongezeka huchelewesha cheche kwa nyuzi moja ya krenki. Dweli ikisogea nyuzi tano, taimingi imesogea nyuzi tano, na dereva hajasikia kitu chochote. Anaona tu kwamba gari limekuwa zito mlimani, linakula mafuta zaidi na linapanda joto.

Ukizishika mkononi pointi zilizotumika kwa muda, utaona kwamba uso mmoja una kichuguu kidogo cha kijivu na wa pili una shimo linalolingana nacho. Chuma kimehama kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Fundi akichomeka geji ya sahani ya milimita 0.4 hapo, geji inapita juu ya kichuguu na kwenye ukingo wa shimo, haiingii ndani ya shimo. Atahisi nafasi ni sawa, kumbe umbali halisi kati ya nyuso ni mkubwa kuliko alivyopima. Kwa hiyo geji inafaa kwa pointi mpya tu. Zilizotumika zitegwe kwa kipima dweli, au zibadilishwe. Kuzisugua kwa tupa hadi zing'ae ni msaada wa njiani. Nyuso zikishakwaruzwa huliwa upesi zaidi.

Kuna uchakavu wa tatu ambao watu wengi huusahau, nao ni wa mhimili na bushi zake. Distribyuta iliyokwenda miaka 50 mara nyingi ina mchezo wa pembeni. Mhimili ukiyumba, nafasi ya pointi hubadilika kutoka silinda moja hadi nyingine, na kila silinda hupata taimingi yake. Hapo fundi anaweza kutega pointi asubuhi hadi jioni asipate mlio mtulivu, kwa sababu anachokitega hakitulii.

Viwanda vilipoacha pointi, sababu kubwa haikuwa nguvu ya injini. Sheria ya hewa safi ya Marekani ya mwaka 1970 ilileta masharti kwamba gari jipya liendelee kutimiza viwango vya moshi kwa miaka mitano au maili 50,000, ambazo ni kilomita 80,000 hivi. Mfumo ambao taimingi yake inasogea kila siku hauwezi kuahidi hivyo. Chrysler iliweka uwashaji wa kielektroniki kwenye magari yake ya Marekani ya mwaka 1973, na General Motors ikafanya hivyo mwaka 1975. Mwenye gari la zamani akumbuke sababu hiyo anapoahidiwa nguvu zaidi. Injini ya kawaida yenye pointi mpya zilizotegwa vizuri, ikifungwa moduli inayotumia koili ileile, haitapata nguvu ambayo haikuwa nayo. Itakachopata ni kubaki vile ilivyo leo hadi mwakani, na faida hiyo ni kubwa kuliko inavyosikika.

Vifaa vya kubadilishia vinavyouzwa kwa magari haya ni vya aina chache. Iliyoenea zaidi ni ile ya Pertronix na mifano inayofanana nayo: pete yenye vipande vya sumaku huvalishwa juu ya kemu, na pembeni hufungwa kihisi kinachotumia athari iliyogunduliwa na Edwin Hall mwaka 1879, yaani volti ndogo inayojitokeza kwenye kipande chenye umeme kikipitiwa na sumaku. Kihisi hicho huiamuru transista ikate umeme wa koili. Lumenition ya Uingereza hutumia mwanga: miale ya infraredi inakatwa na sahani inayozunguka. Ya tatu ni distribyuta nzima mpya, kama zile za 123ignition kutoka Uholanzi, ambazo hata ratiba ya kuwahisha cheche huamuliwa na kompyuta ndogo iliyo ndani. Tofauti kati ya mbili za kwanza na ya tatu ni kubwa kuliko bei inavyoonyesha. Zile mbili huondoa pointi na kuacha mengine yote: mhimili uleule, vyuma vilevile vya kuwahisha cheche kadiri kasi inavyopanda, springi zilezile zilizolegea, kibofu kilekile cha vakyumu ambacho huenda kilipasuka zamani. Moduli huvumilia mhimili uliochakaa kidogo vizuri zaidi kuliko pointi zinavyouvumilia, lakini haiuponyi.

Kuna waya mmoja unaoeleza jambo hili vizuri. Ndani ya distribyuta nyingi, sahani inayobeba pointi husogezwa na vakyumu, na athi yake, yaani njia ya umeme kurudi kwenye bodi, hupitia waya mwembamba uliosukwa, laini kama uzi. Unapinda maelfu ya mara kwa siku na mwisho hukatika ndani ya nguo yake, bila kuonekana. Ukikatika, athi inakuja na kupotea, na injini inamisi pale dereva anapokanyaga mafuta. Mwenye gari anabadilisha pointi, anabadilisha kondensa, halafu ananunua moduli. Moduli inafungwa juu ya sahani ileile na kutegemea waya uleule. Ikianza kumisi, anaamini kwamba vitu vya kielektroniki havifai. Waya wenyewe ni wa bei ndogo kuliko plagi moja.

Ukichunguza hivyo, makosa mengi yanayobebeshwa moduli ni ya ufungaji, na mengi kati yake yanatokana na hesabu rahisi ya umeme. Koili ya kawaida ya volti 12 ina ukinzani wa omu tatu hivi. Injini ikizunguka na chaji ikiwa volti 14, umeme hauzidi ampea tano. Magari mengine yalifungwa koili ya omu moja na nusu pamoja na rezista ya balasti ya kuupunguza umeme, ambayo hurukwa wakati wa kupiga stata ili cheche iwe na nguvu. Mtu akiweka koili hiyo bila balasti, umeme unaelekea ampea tisa, na moduli iliyoundwa kwa ampea tano huungua. Kosa la upande wa pili ni kuchukua umeme wa moduli baada ya balasti: inapata volti pungufu na kufanya kazi kwa kubahatisha. Kabla ya kufunga chochote, koili ipimwe kwa mita. Kuisoma lebo hakutoshi, kwa kuwa koili ya miaka 50 inaweza kuwa imebadilishwa zaidi ya mara moja.

Kosa lingine linalogharimu ni kugeuza chanya na hasi. Magari mengi ya Uingereza yalikuwa na athi chanya. MGB, kwa mfano, ilibadilishwa kuwa athi hasi mwishoni mwa mwaka 1967. Pointi hazijali umeme unaelekea wapi. Transista inajali, na huungua papo hapo. Nyaya za plagi zenye kiini cha shaba kitupu nazo hutoa usumbufu wa mawimbi unaoweza kuichanganya moduli, ndiyo maana watengenezaji wengi huagiza nyaya za kaboni. Kisha kuna swichi kuachwa wazi injini ikiwa imezimwa, labda mtu anasikiliza redio. Kwenye moduli za kizazi cha kwanza umeme huendelea kupita kwenye koili mpaka koili au moduli ife. Moduli mpya zaidi hujikatia umeme zenyewe baada ya muda mfupi, na kwa maoni yangu sifa hiyo pekee inatosha kuzipendelea.

Adui mkubwa wa vifaa hivi ni joto, na historia ya Lucas inaonyesha hivyo waziwazi. Mfumo wake wa Opus ulifungwa kwenye Jaguar E-Type ya V12 mwaka 1971, na amplifaya yake ikawekwa juu ya injini katikati ya safu mbili za silinda, mahali ambapo joto hukusanyika. Zilikufa nyingi, na baadaye Jaguar iliisogeza mbele kwenye hewa. MGB za soko la Marekani za katikati ya miaka ya 1970 zilipewa distribyuta yenye amplifaya ndani yake, juu kabisa ya joto la injini, na wenye magari wengi walizing'oa na kurudi kwenye pointi. Mafundi wa zama hizo hawakukosea kuogopa vitu vya kielektroniki. Walikuwa wanaona vifaa vilivyowekwa pabaya. Moduli za leo zimetengenezwa vizuri zaidi, lakini zile za kufunga ndani ya distribyuta bado zinakaa palepale, na saa mbaya kwao si ile ya mwendo mkali. Ni ile inayofuata injini kuzimwa, pale feni inapoacha kuvuta hewa na joto la chuma linapanda chini ya boneti. Gari linalokataa kuwaka baada ya kusimama kituo cha mafuta, kisha likawaka lenyewe likipoa, linapaswa kuchunguzwa moduli na koili kabla ya kabureta.

Hapa hoja ya upande wa pointi inapata uzito wake. Pointi hufa polepole na kwa dalili. Zinaweza kusafishwa kwa kipande cha msasa laini, nafasi yake ikategwa hata kwa kipande cha kadi ngumu, na gari likaondoka. Kondensa ikifa, ya gari lingine inaweza kufungwa nje, kati ya upande wa pointi wa koili na bodi, na injini ikaendelea. Gari lenye betri iliyochoka likisukumwa, pointi hutoa cheche hata kwa volti chache. Moduli huhitaji kiwango fulani cha volti ndipo iamke. Moduli ikifa, kwa kawaida hakuna cha kusafisha wala cha kutega. Ipo au haipo.

Afrika Mashariki ina ushahidi wake kuhusu jambo hili. Peugeot 404 ilishinda Safari Rally mwaka 1963, kisha miaka mitatu mfululizo, 1966, 1967 na 1968. Ushindi wa 1966 na 1967 ulikuwa wa Bert Shankland, aliyekuwa mkazi wa Tanzania. Magari yale yalipita vumbi, matope na joto la bonde kwa pointi. Lakini yalikuwa na mafundi njiani waliojua kuzitega, na pointi mpya ndani ya sanduku. Uimara ule ulikuwa wa kifaa pamoja na mikono iliyokizunguka. Leo mikono hiyo inapungua. Fundi kijana wa gereji ya Nairobi au Arusha amejifunza kazi kwenye Toyota zenye kompyuta, na huenda hajawahi kutega pointi. Hoja kwamba pointi hutengenezeka popote ilikuwa kweli kabisa mwaka 1970. Sasa ni kweli iwapo dereva mwenyewe anajua kazi hiyo.

Ubora wa vipuri nao umebadilika. Pointi nyingi zinazouzwa leo zina kisigino laini kinacholiwa upesi, na kondensa mpya hufa mapema kiasi kwamba wenye magari haya wengi hawaitupi ya zamani inayofanya kazi. Rota nazo zina ugonjwa wake: baadhi ya zile za bei ndogo zina ribiti ndefu inayoshuka karibu mno na mhimili, na volti za juu hupenya plastiki na kwenda athi badala ya plagi. Rota ya namna hiyo huzima gari ghafla, liwe na pointi au moduli. Kwa hiyo ulinganifu unaofanywa kwa kumbukumbu za miaka 50 iliyopita hauna haki. Unalinganisha moduli ya leo na pointi ambazo hazipatikani tena kwa urahisi.

Ipo pia njia ya katikati, ambayo haikupewa nafasi inayostahili. Ni sakiti ndogo ya transista inayobeba umeme wa koili, huku pointi zikibaki kuwa kihisi tu, zikipitisha sehemu ndogo ya ampea. Vifaa hivyo vilikuwepo tangu miaka ya 1960. Nyuso za pointi haziliwi tena, cheche inakuwa thabiti, na sakiti inakaa mbali na joto la injini. Kinachobaki kuliwa ni kisigino, kwa hiyo grisi ya kemu haisameheki. Sakiti ikifa, nyaya mbili zinahamishwa, kondensa inaunganishwa, na gari linarudi kwenye mfumo wake wa asili kando ya barabara. Kwa Land Rover inayokwenda mbali na miji, sijui mpango ulio bora kuliko huo.

Kwa gari linaloendeshwa mara kwa mara mjini, moduli nzuri ina faida kwa sababu taimingi haisogei na hakuna wa kukumbuka kuitega. Gari linalokaa miezi bila kuwashwa nalo hunufaika, maana pointi zilizolala hupata utando unaozuia umeme, na mwenye gari hupiga stata mpaka betri iishe. Ila kazi ianzie kwenye distribyuta: bushi, springi, vakyumu, ule waya wa athi, rota na kifuniko. Kisha koili ipimwe, ndipo moduli ifungwe. Sahani ya pili ya akiba itafutwe. Ifungwe pointi na kondensa zilizokwisha kuendeshwa kilomita chache na kuthibitika, itegwe, izungushiwe kitambaa na kuwekwa kwenye buti pamoja na bisibisi fupi. Na ifungwe mara moja kwa majaribio nyumbani, injini ikiwa baridi, ili ijulikane mapema kama waya wake unafika kwenye koili na kama skrubu za moduli na za sahani ni za saizi moja.